Safari ya Baiskeli Iliyopangwa Milepa

Safari huanza mara mbili. Huanza moyoni kabla haijaanza miguuni, na aghalabu ile ya moyoni huwa ndefu zaidi. Mtu aendaye sokoni hana haja ya kupanga. Njia anaijua, na haja yake humsukuma. Lakini mtu atakaye kwenda mahali ambapo hana mali ya kuuza, wala ndugu wa kumzika, wala mgonjwa wa kumwuguza, hana budi kujiuliza kwanza kwa nini anakwenda. Swali hilo ni zito popote duniani. Katika Milepa lina uzito wa namna yake, hasa msafiri anapotaka kusafiri kwa baiskeli, na kwa ajili ya kupumzika.

Milepa iko katika bonde la Rukwa, chini ya ukuta wa Ufipa. Nchi yake ni ya joto, mpunga na samaki. Ziwa Rukwa lenyewe halina mto wa kulitoa maji. Mito huingia, na jua ndilo linaloyachukua. Uso wa ziwa hilo uko yapata mita 800 juu ya bahari. Juu ya ukuta ni nchi nyingine kabisa: baridi, upepo, mahindi na maharage, na mji wa Sumbawanga ulio yapata mita 1,800 juu ya bahari. Kati ya nchi hizo mbili ardhi imesimama kama ukuta wa nyumba, kwa kuwa ni ubavu wa Bonde la Ufa. Barabara zinazouparamia ukuta huo, kama ile itokayo Muze hata Ntendo, na ile itokayo Ilemba hata Kalambanzite, hujipindapinda kama nyoka aliyeguswa mkia. Jina la Lyambalyamfipa, mlima unaoogopwa na madereva, hutajwa bondeni kwa sauti ile itumikayo kuwataja wakwe.

Katika nchi hiyo baiskeli si mchezo. Ni chuma cheusi kisicho na gia, chenye karia iliyoongezewa nondo na fundi wa kijiji. Hubeba gunia la mpunga, madumu ya maji, tenga la samaki, mke na mtoto. Na usiku wa shida hubeba mgonjwa, mtu mmoja akishika usukani na mwingine akimwegemeza mgonjwa asianguke. Kwenye tambarare mwenye baiskeli ni mfalme. Kwenye mlima ufalme humtoka, naye hushuka akaanza kusukuma. Mtu wa bondeni husema amekwenda Sumbawanga kwa baiskeli, ingawa katika nusu ya safari ile ni baiskeli iliyokwenda kwa mtu.

Katika kijiji cha namna hiyo mwalimu mmoja wa shule ya msingi alianza kuandika katika daftari majina ya milima ya Ulaya. Hakuwa mtu wa mzaha, wala hakuwa tajiri. Alikuwa na mshahara wake, na kijishamba cha mpunga. Alichokisikia kilikuwa habari ya mwaka 2024, kwamba Biniam Girmay, kijana wa Asmara nchini Eritrea, ameshinda hatua tatu za mashindano makubwa ya Ufaransa na kutwaa fulana ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano hayo. Kabla yake, mwaka 2015, Mweritrea mwingine, Daniel Teklehaimanot, alikuwa ameivaa kwa siku kadhaa fulana yenye madoa mekundu apewayo mshindi wa milima. Na kabla yao wote alikuwapo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kupanda baiskeli za mbio pamoja na David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu, kisha akashinda mashindano hayo ya Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, ingawa alifanya hivyo chini ya bendera ya Uingereza. Mwalimu alipoyaweka majina hayo pamoja, aliona kwamba njia kati ya Afrika ya Mashariki na milima ile imekwisha kupitwa na watu. Njia iliyopitwa na watu, hata wachache, huitwa njia.

Daftari lake lilianza kwa historia, kama ilivyo desturi ya walimu. Mashindano ya Ufaransa yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti liitwalo L'Auto, lililotaka kuuza nakala nyingi kuliko mshindani wake. Mwaka ule wapanda baiskeli 60 walianza, 21 wakamaliza, na mshindi akawa Maurice Garin. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 2,428, ikagawanywa katika hatua 6 tu, hata wengine wakapanda baiskeli usiku kucha. Fulana ya manjano ya kiongozi ilikuja mwaka 1919, na karatasi za gazeti lile zilikuwa za rangi hiyo hiyo. Hapo mwalimu aliandika pembeni kwamba hata kitu kikubwa kama hicho kilizaliwa na haja ya mkate.

Kisha akaja katika milima. Mwaka 1910 wapanda baiskeli walipelekwa kwa mara ya kwanza juu ya Tourmalet, wenye mita 2,115, katika njia iliyofaa mbuzi kuliko magurudumu. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele wa baiskeli yake katika mlima huo huo. Sheria ilikataza kusaidiwa. Aliibeba baiskeli begani, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, akaufua uma wake kwa mikono yake mwenyewe, wasimamizi wakimtazama. Alipomaliza aliongezewa adhabu ya dakika, kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto.

Habari hiyo ilimgusa mwalimu kuliko ushindi wote alioandika. Wafipa ni watu wa chuma tangu kale. Kabla chuma cha kigeni hakijajaa masokoni katika karne ya 20, wazee wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, tanuri zilizovuta upepo zenyewe. Kisha wakakisafisha chuma kile katika tanuri ndogo zilizopulizwa kwa mivukuto, ndipo wakafua majembe. Mzee wa Ufipa angemwelewa Christophe bila mkalimani. Lakini asingeielewa adhabu ile, maana kwa mhunzi hakuna kazi ya mtu mmoja. Anayefua na anayevuta mivukuto hula chungu kimoja.

Baada ya historia yalifuata mahesabu. Mpangaji mjinga hutaka kuona kila kitu, akarudi hakuona kitu. Mwalimu aliandika kwanza milima yote iliyosifiwa: Tourmalet katika Pyrenees, Stelvio katika Italia, wenye mita zaidi ya 2,750 na kona 48 upande mmoja, Galibier, wenye mita 2,642, Ventoux katika Provence, Alpe d'Huez, tena na njia za mawe ya kupanga za Paris-Roubaix, mashindano yaliyoanza mwaka 1896. Kisha akaanza kufuta. Tourmalet uko mbali na mingine, akaufuta. Stelvio uko nchi nyingine, akaufuta. Njia za mawe alizifuta kwa wepesi zaidi, akisema kwamba za namna hiyo anazo za kutosha kati ya nyumba yake na shule. Ikabaki mitatu. Alpe d'Huez na Galibier hufikiwa kutoka mji mmoja mdogo, Bourg-d'Oisans, kwa hiyo msafiri anaweza kulala mahali pamoja na kuiendea yote miwili. Ventoux ulibaki wa mwisho, upande wa kusini.

Alipofika katika vipimo vya Alpe d'Huez, kalamu ilisimama. Mlima huo uliingia katika mashindano mwaka 1952, na Fausto Coppi wa Italia akawa mshindi wake wa kwanza. Njia yake ina kona 21 na urefu wa karibu kilomita 14. Huanzia kwenye mita zipatazo 740 juu ya bahari na kuishia kwenye mita zipatazo 1,850. Mwalimu aliandika chini ya tarakimu hizo tarakimu nyingine mbili alizowafundisha watoto miaka mingi bila kuzitafakari: Ziwa Rukwa 800, Sumbawanga 1,800. Mlima unaoendewa na watu wa dunia nzima kwa ndege, wakapiga picha katika kila kona, na mlima unaolaaniwa na wachuuzi wa mchele kila wiki, vimo vyao vinakaribiana kama ndugu wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja una lami na sifa, na mwingine una vumbi na mizigo.

Kuligundua jambo hilo kungeweza kuivunja azma yake. Mtu angeweza kusema: kama mlima ni ule ule, nauli ya nini? Mwalimu hakuamua hivyo mara moja, wala hakulipuuza swali. Aliendelea na majira. Milima ile ya juu hufungwa na theluji wakati wa baridi, na njia ya Galibier hufunguliwa theluji inapoondolewa, mwishoni mwa Mei au katika Juni. Bonde la Rukwa nalo lina mlango wake: mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili, na katika miezi hiyo matope na mito hukata njia kama theluji ikatavyo kule. Likizo ya katikati ya mwaka ya shule za msingi huangukia Juni. Basi Juni ndio mwezi ambao milango yote miwili iko wazi. Mashindano yenyewe hupita Julai, wakati mwalimu amekwisha kurudi darasani. Lakini hilo halikumsumbua, kwa maana mashindano yakiwa hayapo barabara ni ya kila mtu. Lililomsumbua ni mpunga wake, ambao hauna likizo na huvunwa katika majira hayo hayo.

Ukurasa wa gharama ulikuwa mgumu kuliko mlima. Raia wa Tanzania hawezi kuingia Ufaransa bila viza ya Schengen. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala halifai kucheleweshwa hata zikabaki siku chini ya 15. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haimrudii mwombaji anaponyimwa. Lazima iwepo bima ya kutibiwa isiyopungua euro 30,000, na ushahidi wa fedha, wa malazi, na wa kazi itakayomrudisha mtu kwao. Zaidi ya hayo yote kuna safari ya kwenda Dar es Salaam, ziliko balozi. Mwingereza au Mjerumani atakaye kupanda mlima ule hupanga kuhusu miguu yake tu. Mtu wa Milepa hupanga kwanza kuhusu karatasi, na mlima wa karatasi hauna kona ya kupumzikia.

Habari za daftari hazikufichika. Mjomba wake, mzee aliyepandisha mpunga Sumbawanga kwa baiskeli tangu ujana wake, alimwita barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda Ulaya kusukuma baiskeli."

"Si kusukuma, mjomba. Kuipanda."

"Mlimani?"

"Mlimani."

Mzee akakaa kimya kidogo. "Mlima wetu huu umekwisha kuupanda bila kushuka?"

Mwalimu hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba jambo hilo ni la kujaribiwa. Jumamosi iliyofuata alianza alfajiri kabla ya joto, mpaka chini ya ukuta, akaanza kupanda akiwa juu ya tandiko. Njiani aliwakuta wachuuzi wakisukuma magunia, vifua vyao vimeinama juu ya usukani. Walimtazama nyuma yake, mahali pa mzigo, wakaona hapana kitu. Mmoja akauliza kwa upole, kama mtu aulizaye habari za msiba: "Karia tupu, mwalimu?" Hakufika mbali. Katika kona ya tatu miguu ilikataa, akashuka, akasukuma kama wengine. Lakini swali la mchuuzi lilipanda pamoja naye mpaka juu.

Swali lile ndilo kiini cha jambo. Katika Milepa karia tupu ni hasara, na karibu ni aibu. Mtu anayepanda mlima bila mzigo ameitumia nguvu ambayo ingemfaa mtu mwingine. Je, mtu wa nchi ya namna hiyo ana haki ya kuchoka kwa furaha yake mwenyewe? Wako wasemao hapana: aliye maskini apumzike kwa kulala. Usemi huo una sura ya busara, lakini ndani yake mna dharau, kwa kuwa unagawanya wanadamu katika mafungu mawili, walioumbwa kwa kazi tu na walioumbwa kwa kazi na starehe. Mchuuzi mwenyewe asingeukubali. Kwenye tambarare jioni, mzigo ukiisha kuuzwa, vijana wa bondeni hushindana kwa baiskeli bila tuzo na bila mwamuzi, na hakuna anayewauliza habari za karia.

Tena karia za Ulaya si tupu kama zinavyoonekana. Katika mashindano yale kila kundi lina watu ambao kazi yao si kushinda. Wafaransa huwaita kwa neno lenye maana ya watumishi wa nyumbani. Hao hurudi nyuma kuchukua chupa za maji, hujaza fulana zao, hupanda tena mbio kuwagawia wenzao. Humkinga kiongozi na upepo. Na kiongozi akipasukiwa na tairi humpa gurudumu lao wakabaki kando ya barabara. Jina la mmoja huandikwa kitabuni, na nguvu ni za wengi. Mchuuzi wa Rukwa angetambua kazi ile kwa jicho moja.

Na mlima una sheria moja kwa wote. Ventoux hupanda yapata mita 1,600 katika kilomita 21 kutoka Bédoin, na kilele chake ni mawe meupe yasiyo na mti, jua na upepo mtupu. Hapo tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, alianguka karibu na kilele akafa, mwili wake ukiwa umechoshwa na joto, na ndani yake mkiwa na dawa za kuchochea nguvu. Mnara wake uko kando ya barabara. Mwalimu aliandika habari hiyo kwa wino mwekundu, kwa maana aliwajua watu wa bondeni waliokatikiwa na breki wakishuka Lyambalyamfipa na mzigo, nao hawana mnara.

Mwisho wa yote daftari liligeuzwa ukurasa. Kuanzia tarehe 21 hata 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka vilima vya mji ule kwa kilomita 267.5, walioanza walikuwa 165 na waliomaliza 30, na mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Mabingwa wale wale wanaowania Alpe d'Huez walikuja wenyewe kutweta katika kilima chenye mawe ya kupanga cha Kigali. Njia hiyo iko pale pale. Mtanzania haihitaji viza kwa ajili yake, na mtu wa Rukwa huifikia kwa kupita Mpanda na Kigoma, na lugha yake ikimsindikiza sehemu kubwa ya safari.

Basi mwalimu aliipanga safari upya kwa vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni ukuta wa Ufipa bila kushuka, hata kama utachukua mwaka mzima wa Jumamosi. Cha pili ni Kigali, katika likizo ya Juni. Cha tatu ni Bourg-d'Oisans, ambacho hakukiandikia mwaka, ila alikiandikia akiba: fungu dogo la kila mavuno, lisiloguswa kwa jambo jingine isipokuwa ugonjwa. Hakuufuta ukurasa wa Ulaya kwa kuwa mlima wa nyumbani una kimo kile kile. Mtu hamtembelei jirani kwa sababu nyumba yake ni ndefu zaidi; humtembelea ili ajue wengine wanaishije, na ili naye ajulikane.

Ilibaki kununua. Mwalimu alishuka gulioni na fedha ya kwanza ya akiba ile, akarudi na raba mbili mpya za breki. Mjomba alizipima mkononi, akazirudisha, akasema kwamba sasa anaamini safari ipo.